Sanduku la kufuli moja na sanduku la kufuli tatu

Ufunguo wa sanduku la maoni ulishapotea na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka ulipotea lini. Ofisi ilikuwa inapakwa rangi, fundi akalishusha lile sanduku ukutani, akalitikisa, akasikia kitu kinachakarisha ndani, akatuuliza alifanyeje. Tukamwambia kata tu. Akachukua msumeno wa chuma akakata kile kikufuli, hata dakika mbili hazikufika. Ndani mlikuwa na kiota cha nyigu kilichokauka, vumbi, ganda la pipi na karatasi nne. Tatu ni watoto walikuwa wamechorachora. Ya nne ilikuwa imechanwa kwenye daftari la mistari, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa kalamu ya bluu na herufi kubwa kubwa za mtu ambaye haandiki kila siku. "Naomba siku ya mazoezi isiwe Alhamisi. Alhamisi ni gulio na mimi ndo nauza. Nisipouza hatuli. Asanteni." Chini kaweka namba ya kadi ya mtoto na tarehe. Miaka miwili na miezi minne ilikuwa imepita.

Sisi ni shirika dogo tu huku Tanga, tunahudumia familia zenye watoto wenye ulemavu, wengi wana mtindio wa ubongo. Tunatoa mazoezi tiba, viti mwendo tukivipata, tunafuatilia nafasi za shule, na kuna ruzuku kidogo kwa kaya zilizobanwa sana. Jina la shirika silitaji hapa, bado nafanya kazi palepale na ninayoyaandika wenzangu wanayajua, tumeshayazungumza sana.

Basi nikaenda kwenye rejista kutafuta ile namba ya kadi. Nikaikuta. Mbele yake kuna neno moja, na mwandiko naujua kwa sababu ni wangu: mtoro.

Hilo neno tumelitoa kliniki. Mtu asipokuja mara tatu anaandikwa mtoro, faili linawekwa pembeni, na kwenye ripoti ya robo mwaka anahesabiwa kwenye safu ya walioacha huduma kwa hiari yao. Lakini mtoro kwa Kiswahili chetu cha kawaida ni mtoto aliyeruka ukuta wa shule. Huyu mama hakuruka ukuta wowote jamani. Alituandikia barua, akaitumbukiza palepale tulipomwambia aitumbukize, akasubiri jibu. Mimi ndo sikutokea.

Nilimtafuta. Haikuwa kazi ngumu, kijijini kwao kila mtu anamjua, nikaambiwa Jumapili saa nane mchana utampata kwenye kikoba chao, chini ya mwembe nyuma ya ofisi ya kijiji. Nikaenda Jumapili. Nataka niwaeleze vizuri nilichokiona pale kwa sababu ndicho kilichonibadilisha, semina zote nilizokaa kuhusu ushirikishwaji, na nimekaa nyingi, hazikunifanya vile.

Wanawake kama ishirini na tano na wanaume watatu, wamekaa kwenye mikeka nusu duara, kila mtu na namba yake na anakaa kwa namba yake. Katikati kuna sanduku la chuma limepakwa rangi ya kijani lenye kufuli tatu. Kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu ambao sio mwenyekiti, sio katibu, sio mweka hazina. Mwenyekiti akaita, mshika ufunguo wa kwanza akasimama akafungua, wa pili akafungua, na wa tatu akainuka mama wa makamo mwenye kanga ya njano, mtoto mkubwa amelala kwenye mkeka pembeni yake kaegemezwa mto, na nikamjua kabla sijaambiwa. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa tatu. Mtoro wangu.

Kabla hata hela hazijatolewa mwenyekiti akauliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi kwenye mfuko wa jamii? Wakajibu kwa pamoja kama watoto wanavyosema jedwali. Na kwenye hisa? Wakajibu. Kuna bibi pale hajui kusoma kabisa, lakini ile hesabu anayo kichwani mpaka mwisho, na kitabu chake cha hisa hakina maandishi, kina mihuri, muhuri mmoja hisa moja, anahesabu kwa kidole. Ndipo wahesabu fedha wawili wakamwaga hela kwenye sinia mbele ya macho ya watu wote, wakahesabu kwa sauti, ikalingana. Mama mmoja alichelewa akatozwa faini, akabisha kidogo, akasomewa katiba yao, akalipa. Mmoja akaomba mkopo wa mbegu, wakamuuliza maswali mpaka nikamwonea huruma, wakampa nusu ya alichoomba kwa sababu marejesho ya mkopo wa nyuma hajamaliza. Wakafunga. Kufuli moja, mbili, tatu. Sanduku likaenda kulala kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo wowote.

Huo mtindo wa vikundi vya akiba na mikopo ulianza Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilianza na kina mama wa vijijini kule, ukasambaa Afrika mpaka kwetu, wengine wanaita VICOBA, wengine wanaita hisa tu. Kuna vilivyokufa kwa wizi na kuna vilivyokufa kwa ugomvi, hilo lazima tuseme. Lakini mimi pale chini ya mwembe nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba huyu mama anaaminiwa na watu karibu thelathini kushika ufunguo wa hela zao, anapiga kura, anajua salio lote hadi shilingi, anaweza kumsimamisha mwenyekiti akamuuliza hii imeenda wapi. Akija kwetu Alhamisi anakaa kwenye benchi, anaitwa kwa namba ya kadi, anaambiwa njoo tarehe fulani. Ni mtu yuleyule!

Nilimpa ile karatasi yake. Akaikunjua akaisoma, akaikunja tena vilevile mara nne. Nikamwomba msamaha. Akaniambia, "Mwanangu, mimi nilijua hamkutaka." Basi. Hakunikasirikia, na mpaka leo nikikumbuka natamani angenikasirikia, maana mtu aliyenyamaziwa miaka miwili akaona ni kawaida tu, hiyo inamaanisha tumemzoesha.

*

Kuna suala la majina ambalo watu wa ofisini tunalichukulia poa. Mlengwa. Mnufaika. Mlengwa ni mtu aliyelengwa, kwa hiyo mwenye shabaha ni mwingine, na kinacholengwa kazi yake ni kutulia. Mnufaika naye, kashafaidika kabla hajaulizwa kama amefaidika. Mteja angalau ana heshima ya dukani, mteja anaweza akatoka akaenda duka la pili, ila huku vijijini duka la pili la mazoezi tiba halipo, ukitoka kwetu ni hadi hospitali ya mkoa na nauli yake. Sina neno zuri la kupendekeza, kina mama wenyewe wakajiita wenye watoto na sisi tukafuata.

Na usidhani majina ni mambo madogo. Mwaka 1983, mji wa Denver huko Marekani, kikundi kidogo cha watu wenye UKIMWI walikaa wakaandika msimamo wao, wakati huo hata dawa hakuna, watu wanakufa kila siku. Kitu cha kwanza walichokataa ni kuitwa waathirika, wakasema na wagonjwa pia sisi ni kwa nyakati tu, sisi ni watu wenye UKIMWI. Halafu hawakuishia kwenye jina, wakadai kushiriki kwenye kila ngazi ya maamuzi, na wakataja wazi kabisa kukaa kwenye bodi za mashirika yanayowahudumia. Kwenye bodi! Wenzetu walikuwa kitandani na walidai bodi. Tarehe 1 Desemba 1994 nchi 42 zikasaini tamko mjini Paris kukubali kwamba watu wanaoishi na virusi washiriki zaidi kwenye mapambano. Huku kwetu nakumbuka vizuri wakati redio zote zinasema waathirika, sasa hivi utasikia WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na kuna konga, ndiyo mitandao yao ya wilaya, na baraza lao la taifa, NACOPHA. Global Fund, ule mfuko wa dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulioanzishwa 2002, kwenye bodi yake kuna kiti chenye kura cha jamii zinazoishi na hayo maradhi. Hakuna aliyewapa kwa ukarimu, walidai, walikaa vikao virefu vya kuchosha, na wengi waliodai mwanzo hawakuishi kuona matunda.

Upande wetu wa ulemavu sheria zipo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu ni wa 2006, Tanzania iliuridhia 2009, na ibara ya 4 inasema serikali iwashirikishe watu wenye ulemavu, watoto nao wakiwemo, kupitia vyama vyao. Sheria yetu ya watu wenye ulemavu ni ya 2010. Na ukirudi juu kabisa, Katiba ya 1977 ibara ya 8 inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote. Mi huwa najiuliza, kama mwananchi ndio msingi wa mamlaka ya nchi nzima, anakuwaje siyo msingi wa mamlaka ya kiofisi chenye vyumba vitatu na gari moja?

*

Tulianza vibaya. Nalisema kwa sababu naona mashirika mengi yanaanzia hapo na mengi yanabaki hapohapo.

Tulihamisha siku ya mazoezi ikawa Jumanne, hiyo ilikuwa rahisi. Halafu tukasema tuwe na wawakilishi wa wazazi kwenye kamati. Tukawachagua sisi. Tukachagua mwalimu mstaafu ambaye mjukuu wake anahudumiwa, mama mmoja mchangamfu anayeongea vizuri wageni wakija, na baba mmoja wa kanisani. Watu wazuri wote watatu. Wakawa wanakuja vikao, wanasaini mahudhurio, wanapewa soda na posho, wanapigwa picha, picha zinaenda kwenye ripoti. Kwa mwaka mzima sikumbuki walipinga kitu hata kimoja, na wala sio kosa lao, makabrasha yalikuwa ya Kiingereza! Tunaongea Kiswahili chenye Kiingereza kingi katikati, wao wanatikisa kichwa, tunaandika kwenye muhtasari kwamba wazazi wameridhia.

Aliyetuambia ukweli ni yuleyule mama wa ufunguo wa tatu, ambaye alikuwa amerudi na mtoto. Nilimuuliza anawaonaje wawakilishi wao. Akaniambia, "Wale ni wawakilishi wenu, dada. Wanatuletea habari zenu, za kwetu hawapeleki."

Tukavunja ile kamati. Wazazi wakaitishana wenyewe, kijiji kwa kijiji, sisi hatukuwepo, wakachagua watu wawili kila kijiji mwanamke na mwanaume, miaka miwili, na wanaweza kuwatoa kabla ya miaka miwili kuisha. Waliokuja walikuwa tofauti kabisa na tuliowachagua sisi. Alikuja muuza samaki mwenye mdomo, alikuja baba mmoja mkimya ambaye tulidhani hajali kumbe alikuwa anaandika kila kitu kwenye kidaftari, alikuja na mama wa ufunguo. Mwalimu mstaafu akachaguliwa tena, na safari hii alikuwa mkali kweli, maana sasa kuna watu nyuma yake wa kuwajibu.

Lakini kilichobadilisha mambo zaidi ya uchaguzi ni siku tuliyoonyesha bajeti.

Mkurugenzi wetu alisita, na mimi pia nilisita, tusijifanye mashujaa. Hofu ilikuwa kwamba watu wakiona zile hela watadhani tumelala nazo. Kwa upande wa sheria hiyo hofu haina pa kusimama, kanuni za NGO za 2018 zinataka shirika lenye fedha zaidi ya shilingi milioni 20 lizitangaze hadharani, na kwa njia ambayo walengwa wataipata kirahisi, sio gazetini tu. Tulikuwa tunabandika ubaoni kwa Kiingereza. Basi tukakaa siku mbili tunatafsiri, tukaandika kwa maka pen kwenye karatasi za bango kitita, karatasi sita, tukazibandika ukutani darasani Jumamosi, kila mstari kwa Kiswahili na kwa shilingi.

Mstari wa kwanza kuulizwa ulikuwa "utawala". Yule baba wa kidaftari akasimama akauliza kwa upole kabisa, utawala ni kitu gani mnakinunua? Tukaufungua, kodi ya nyumba, umeme, vocha, mhasibu, chai. Akaandika, akakaa. Wa pili ulikuwa mafuta na matengenezo ya gari, ambao ulikuwa mkubwa kuliko mstari wa mazoezi tiba. Muuza samaki akauliza, hilo gari kwetu linafika mara moja kwa mwezi, siku zingine linakwenda wapi? Tukajibu ukweli, vikao mjini na Dar, kupokea wageni. Darasa likanyamaza. Mwalimu mstaafu akasema taratibu, "Kwa hiyo gari linawahudumia ninyi ili ninyi mtuhudumie sisi." Haikuwa kejeli, alikuwa anatafuta kuelewa, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Wakaomba muda wajadili peke yao. Sisi tukatoka nje tukakaa kwenye mizizi ya mkungu kama nusu saa hivi, sijawahi kukaa nje ya kikao cha ofisi yangu mwenyewe na ninawashauri wenzangu wote mjaribu. Wakatuita. Wakasema wanapendekeza safari za mjini zipungue, hela inayobaki kwenye kila kijiji wafundishwe kina mama wawili kufanya mazoezi na watoto katikati ya wiki, walipwe kidogo, na kwa wale wa mbali kuwe na bodaboda mmoja anayejulikana, analipwa mwisho wa mwezi, anamleta mama na mtoto siku ya Jumanne. Hicho ndicho tunachofanya sasa. Mtoto wa mtindio wa ubongo akinyooshwa mara moja kwa mwezi viungo vinakakamaa tu, wataalamu tulilijua hilo siku zote, ila tulikuwa tumeshafungwa na ratiba ya gari na hatukuliona kama jambo la kuamuliwa. Wao waliliona kwenye karatasi ya pili.

*

Ninyi mnaosoma mtaniuliza, kwani serikalini hamna huu utaratibu? Upo, na una mazuri yake. TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa serikali, awamu ya tatu iliyoanza 2012 na mpango wa kunusuru kaya maskini, kaya zinatajwa na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano wa kijiji, halafu dodoso linajazwa, orodha inarudi mkutanoni watu waikubali au waikatae. Kitendo cha jina kusomwa mbele ya watu kinazuia mengi, ni vigumu kumwandika shemeji yako mwenye duka la jumla watu wote wakikuangalia. Ila kinaumiza pia, kuna wazee wasiosimama kuomba umaskini wao utangazwe. Na kikubwa zaidi kwangu ni kwamba sauti ya kijiji inaishia kwenye nani aingie. Kiasi gani kilipwe, lini, masharti gani ya shule na kliniki, hayo yanashuka kutoka juu yakiwa yameshapikwa. Kumchagua atakayekula sio sawa na kuchagua chakula.

Mahali ninapopatamani kwenda kujifunza ni Mukuru, mitaa ya mabanda huko Nairobi. Mwaka 2017 kaunti ilitangaza Mukuru, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo maalum la kupangwa, na wakazi wakajipanga kwa makundi ya nyumba kumi kumi, kila kumi na sauti yao, zinapanda mpaka juu. Muungano wa Wanavijiji, umoja wa wakazi wa mitaa ya mabanda Kenya, ndio walikuwa uti wa mgongo wa huo mpangilio, na wao walishakuwa wanapinga kubomolewa tangu miaka ya tisini. Kaya kama laki moja kwenye nyumba za mabati, na bado walipata njia ya kumuuliza kila mtu barabara ipite wapi! Nikisikia shirika lenye familia mia mbili linasema kuwashirikisha wote haiwezekani huwa nawaza Mukuru.

*

Kuna mambo magumu na sitaki niyapite juu juu.

La kwanza ni woga. Mtu anayekutegemea kwa kiti mwendo cha mtoto wake hawezi kukuambia ukweli bure bure. "Nikisema nitakatwa", hiyo nimeisikia mara nyingi, na kusema kwa maneno kwamba hatukati haisaidii. Tumeiweka kwenye katiba ya shirika kwamba huduma ya mtoto haiguswi kwa sababu ya neno lolote alilosema mzazi, na malalamiko dhidi yetu hayaletwi kwetu, yanakwenda kwa wazazi watatu waliochaguliwa na kikao chao. Bado woga upo, unapungua kidogo kidogo.

La pili posho. Wafadhili wengine wanasema ukiwalipa wawakilishi wanaharibika, wajitolee. Mi hapa sikubaliani kabisa. Mimi nikikaa kwenye kile kikao nina mshahara, mgeni kutoka Dar ana mshahara na hoteli, halafu mama aliyeacha biashara yake siku nzima ndo ajitolee? Tunamlipa sawa na siku ya gulio, wao wenyewe ndo walikadiria.

Na la tatu ni hili ambalo mimi binafsi lilinipita kabisa. Mwaka jana kwenye kikao cha wazazi alikuja kijana wa miaka kumi na sita, ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo, na maneno yanamtoka kwa shida sana. Tulikuwa tunajadili shule. Akaanza kusema kitu, mama yake akamalizia. Akatikisa kichwa. Akaanza tena, mwalimu akakisia, akatikisa kichwa tena kwa nguvu, na safari hii mwenyekiti, muuza samaki, akasema tumwacheni, tuna siku nzima. Tukanyamaza. Ilichukua muda mrefu, jasho linamtoka, shingo inavuta upande mmoja, unasikia feni tu, na mimi nilikuwa na hamu mbaya ya kumsaidia. Alichosema ni: "Msinisukume bila kuniuliza."

Kiti chake. Kila mtu alikuwa anakisukuma, mpaka kivulini, mpaka juani, mpaka kwenye picha, mama, walimu, sisi, wageni, mimi mwenyewe nilimsukuma asubuhi ileile kumwingiza darasani bila hata salamu. Tumekaa miaka tunadai wazazi wasikilizwe na kumbe hata wazazi sio wenye ulemavu wenyewe, wenyewe wapo na wanasubiri tumalize kuongea. Sasa vijana wana viti vyao viwili kwenye kikao, kikao kimekuwa kirefu, kuna ambao wanalalamika. Kwa kijana kiziwi mmoja tunamlipa mkalimani wa lugha ya alama kutoka mjini, ni gharama, iko kwenye bajeti na wazazi waliipitisha.

Sio kila walichoamua nimekipenda. Mwezi wa tatu walipiga kura kukataa mradi wa kuku ambao tulikuwa tumeuhangaikia sana, mfadhili yupo tayari, wao wakasema kuku wa kisasa wanataka chakula cha kununua na dawa, mwaka wa pili mfadhili hayupo, tutabaki na mabanda. Nilibishana nao mpaka sauti ikakauka. Nilipigwa kura kumi na tisa kwa nne. Tukamwandikia mfadhili kwamba wenye watoto wamekataa, na ile barua nilivyoisaini mkono ulikuwa mzito.

Kikao kijacho ni Jumamosi hii. Ajenda huwa inaandikwa na wao, jana jioni yule mama wa ufunguo wa tatu alinitumia kwenye WhatsApp kwa sauti maana kuandika anaona uvivu, mtoto anasikika nyuma anacheka. Ya kwanza, vyoo vya shule. Ya pili, bodaboda anadai bei ipande kwa ajili ya mafuta. Ya tatu akasita kidogo, halafu akasema, "Na ya tatu dada, usinielewe vibaya, watu wanataka ule mstari wa mishahara nao ufunguliwe, jina kwa jina, kama tulivyofungua utawala." Nimemjibu sawa mama. Nimempigia mkurugenzi, naye baada ya kimya kirefu kasema sawa. Leo nimenunua karatasi za bango kitita na maka pen mbili, na jina langu nitaliandika la kwanza.